Risasi ya Kumi na Tatu

Tarehe 6 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba, maana ya mwaka jana sikukuletea. Najua simu kwako ni kelele za nyuki ndani ya debe, ndiyo maana nimenunua karatasi na kalamu kama mtoto wa shule. Mke wako hajambo? Mwambie ile shuka aliyonidarizia bado naogopa kuilalia.

Huku tupo. Mama amehamia kwangu tangu Oktoba, magoti yamegoma kabisa. Ana kiti chake dirishani na anakagua kila anayepita getini kuliko askari. Mume wangu yuko barabarani na lori, wiki tatu nje, siku nne nyumbani. Mkubwa wetu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anapiga mluzi kutwa nzima kupitia pengo.

Mjomba, nataka bunduki. Wiki mbili kabla ya mwaka mpya wezi walikata waya wa mabanda wakachukua kuku sitini. Mlinzi wa jirani alipopiga kelele, walimkata panga mkononi. Na kule nyuma shamba la viazi linafukuliwa na nguruwe pori, asubuhi ukiliona utadhani trekta limepita. Nimeomba leseni. Afisa wa leseni, mzee mwenye muhuri mkubwa na asiye na haraka, amenipa fomu: aina gani, kaliba gani, kwa kazi gani. Kwenye kazi nimejaza ulinzi na uwindaji. Kwingine nimeacha wazi. Fundi bunduki ninayemjua ni mmoja tu, naye ni ndugu wa mama yangu.

Ninunue moja au mbili? Bastola inafaa? Risasi kubwa ndiyo bora, au ni maneno ya vijiweni? Na hili nauliza tu: risasi ya bunduki moja inaweza kweli kuingia kwenye bunduki nyingine?

Mama aliposikia habari ya leseni alisema, "Wewe, kati ya watu wote?" kisha akageukia dirisha lake. Ni miaka ishirini na miwili sasa tangu bunduki ya baba impasukie mikononi kwa kosa langu, na mpaka leo hata betri za tochi ananinyang'anya atie yeye. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mpwa wako

*

Tarehe 2 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, zote mbili. Ile ya akiba nimeiweka kabatini. Mimi mzima kwa kipimo cha mtu wa miaka sabini na mmoja: masikio yameshafunga duka, macho yanafagia kabla ya kufunga, mikono bado inafungua karakana kila asubuhi. Shangazi yako wa kuolewa anakusalimu na anasema nikuambie nimeacha sigara. Nimekuambia kama alivyosema.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimejiuliza: nani anakutafuta, au wewe unamtafuta nani? Miaka arobaini na mitano nimekaa nyuma ya meza hii. Anayekuja akisema nguruwe, ukimchimba unakuta ana kesi ya mpaka. Anayesema wezi, unakuta ana mke mzuri. Sasa wewe una nini? Kuku sitini hawabebwi na mtu asiyejua mbwa amefungwa wapi. Chunguza wafanyakazi wako. Mchunguze na huyo mlinzi wa jirani, hata kama amekatwa. Kikulacho ki nguoni mwako, mama.

Haya, kazi. Bastola sahau. Fomu ikikuuliza milimita tisa, piga mstari. Bastola inataka mtu anayefanya mazoezi kila wiki, na mtu mwenye hofu gizani huikosa hata kabati. Isitoshe risasi yake hupenya ukuta wa mbao ikaenda kumtafuta mtoto chumba cha pili. Kwa nguruwe chukua bunduki ya komeo, inayopiga risasi moja moja, kaliba ya tatu sifuri nane. Haina teke kubwa na risasi zake zinapatikana. Wapo watakaokusifia thelathini sifuri sita. Ni nzuri, lakini bega lako nalijua. Ishirini na mbili usiguse: kwa nguruwe itamjeruhi tu, na nguruwe aliyejeruhiwa hurudi na hoja zake. Risasi kubwa mkononi mwa mtu anayefumba macho kabla ya kufyatua ni kelele tupu. Bora ndogo inayofika mahali pake.

Bunduki ya marisau, ile inayorusha chembe nyingi kwa mpigo mmoja, usinunue. Namba kumi na mbili, namba yoyote ile. Muuzaji atakushawishi. Mkatalie. Sababu usiniulize, mimi ndiye fundi.

Bunduki ikae kwenye sanduku la chuma, risasi zikae kwingine, funguo zikae shingoni mwako. Na kabla hujaweka risasi, hata kama bunduki umeifungua mwenyewe dakika moja iliyopita, chungulia mtutu. Ukiona mwanga upande wa pili, weka. Usipoona, usiweke. Hilo tu ukilishika, mengine yote nimekufundisha bure.

Msalimie dada yangu. Mwambie apake mafuta ya moto magotini.

Mjomba wako

*

Tarehe 23 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mafuta amepaka, amelalamika, amepaka tena. Mume wangu amerudi na tairi mbili zilizopasuka na hamu ya kulala. Watoto wazima.

Asante kwa somo. Umenijibu maswali kumi na moja, mengine sikuuliza, ila moja nililouliza umeliruka kama dimbwi. Nikafanya ulichonikataza: nikaenda dukani kwa muuzaji.

Ni mtu mnene, miwani ameipandisha kwenye paji la uso na anaitafuta mezani. Nilipomwambia fundi amenikataza bunduki ya marisau, alishangaa. Akasema kwa mabanda ya kuku hakuna nyingine, namba kumi na mbili, na fundi huyo labda ana lake. Nikamuuliza lile swali. Akacheka, akaniambia nikae.

Akachukua mtutu mtupu wa namba kumi na mbili na ganda tupu la namba ishirini. Kumbe namba ikiwa kubwa risasi ni nyembamba! Mimi siku zote nilidhani kinyume. Akalidondosha lile ganda ndani. Likateleza likapita mahali pake, likaenda kukwama mbele kama mfupa kooni. "Sasa tazama," akasema. "Mwenye bunduki anafyatua, inalia ta. Anafungua, anaona patupu. Anadhani alisahau kuweka. Anaweka kumi na mbili yake juu ya ile. Anafyatua. Hapo huna bunduki tena, una bomu."

Mjomba, unakumbuka baba alikuwa akiniita Karani. Kila asubuhi ya kwenda porini mimi ndiye niliyejaza risasi kwenye mkanda wake, vifuko kumi na viwili, nikihesabu kwa sauti. Alipokufa niliambiwa maneno matatu tu: mtoto alichanganya risasi. Nilikuwa na miaka kumi. Nilidhani nilichanganya mpya na za zamani, kavu na zilizolowa, sikujua. Nikakubali. Nimelala na neno hilo, nimeolewa nalo, na kila mwanangu akizaliwa nimeogopa kumshika kwa mikono hii.

Leo ndio nimejua kuchanganya maana yake ni nini. Basi niambie. Nyumbani kwetu kulikuwa na bunduki moja, namba kumi na mbili, na risasi zetu zote zilikuwa nyekundu, kasha moja. Hiyo namba ishirini ningeitoa wapi?

Mpwa wako

*

Tarehe 14 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa, nilikuwa na homa, halafu posta nao wana homa yao. Shangazi yako hajambo.

Nimeisoma barua yako na imenisikitisha, si kwa ajili yangu, kwa ajili yako. Nani amekuingiza haya? Huyo muuzaji ana faida gani kukugombanisha na watu wako? Au ni mumeo, anayesikia mengi kwenye vituo vya malori? Mtu akishaanza kufukua, hajui atakutana na nini. Mama yako ni mgonjwa. Acha kumpekulia sanduku lake.

Unauliza ungeitoa wapi. Mpwa wangu, ulikuwa ukishinda karakanani kwangu! Watoto huokota. Uliokota misumari, uliokota springi, ukaokota na hiyo. Ukaitia kwenye mfuko wa koti la baba yako, ukasahau. Hakuna aliyekulaumu. Ulikuwa mtoto, na mtoto hana kosa. Tulikusamehe siku ileile, ya nini kujirudisha mahali ulikosamehewa?

Nunua ile ya komeo niliyokuambia. Nguruwe wanakusubiri.

Mjomba wako

*

Tarehe 25 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima.

Umesema mfuko wa koti. Miaka ishirini na miwili sijawahi kumsikia mtu akitaja koti. Mimi nilijaza mkanda, na ndio niliolaumiwa nao. Wewe koti umelitoa wapi?

Pia umesema niache kupekua sanduku la Mama. Ni kweli nimelifungua, mwezi Machi, Mama akiwa kliniki. Lakini wewe sikukuambia. Bahasha mbili nilizomnunulia mkubwa wangu za kuandikia marafiki zake hazionekani. Kumbe mnaandikiana, wewe na dada yako, na mimi nipo katikati kama ukuta wa mbao.

Nakuambia nilichokikuta sandukuni. Mkanda wa baba upo. Polisi walichukua bunduki, mkanda hawakuuulizia. Una risasi kumi na moja, zote nyekundu, zote kumi na mbili. Nimezisoma vitakoni moja moja. Kifuko kimoja ni kitupu, cha ile aliyofyatua ya mwisho. Kumi na moja na moja ni kumi na mbili. Hesabu yangu ilitimia, Mjomba. Iliyomuua ni ya kumi na tatu, na haikutoka mkononi mwangu.

Kikulacho ki nguoni mwako, uliniandikia wewe mwenyewe. Nani alivaa koti la baba kabla yake?

Nilipomuuliza Mama, aliomba asaidiwe kwenda kulala. Ilikuwa saa tisa mchana.

Mpwa wako

*

Tarehe 30 Mei

Karani,

Jina hilo sijaliandika tangu tumzike. Mkono umekataa mara nne, karatasi tatu zimekwenda motoni. Shangazi yako amenikuta na sigara, akafungua dirisha.

Koti nililivaa mimi. Mchana wa siku moja kabla nilikuwa kwenu, mvua ikanikamata, baba yako akanivika koti lake kwa mkono wake akasema, "Vaa, shemeji, usije ukakohoa ukakosa shabaha." Nikaenda nalo karakanani. Nilikuwa na bunduki ya mteja, namba ishirini, nimemaliza kuitengeneza na nataka kuijaribu kwenye tuta la udongo nyuma. Nikatia risasi tatu mfukoni. Nikapiga mbili, mvua ikazidi, nikaingia ndani. Koti nikalirudisha alfajiri, nikalitundika msumarini pale mlangoni kwenu. Sikupapasa mfuko. Mimi, niliyemfukuza mwanafunzi wangu kazi kwa kuacha risasi moja juu ya meza.

Baba yako alifika porini akatia mkono mfukoni kabla ya mkandani. Ndivyo mtu anavyofanya. Lililobaki muuzaji wako amekueleza.

Polisi waliniita mimi niikague ile bunduki, maana fundi mwenye leseni nilikuwa peke yangu. Nikakuta kitako cha shaba cha risasi ndani ya mtutu, namba yake inasomeka. Inspekta akaniuliza, "Fundi, hii imeingiaje?" Nikakifuta masizi kile kitako. Kisha nikamwambia nyumbani kuna mtoto anayejaza risasi. Akaandika. Sikuwa nimepanga, au nilikuwa nimepanga, mpaka leo sijui. Ila wazo halikuwa langu peke yangu. Hapo nanyamaza. Niliapa, na mtu niliyemwapia anaishi chumba cha pili kutoka kwako. Muulize yeye.

Tangu siku ile namba ishirini haijaingia karakanani kwangu. Wateja walidhani naringa. Nilikukataza bunduki ya marisau nikiogopa hiki hiki, kwamba muuzaji yeyote mwenye akili atakuonyesha ganda ndani ya mtutu, nawe si mjinga. Ulipoomba ushauri wa bunduki nilidhani unamtafuta mtu. Nilikuwa sahihi.

Nilikulipia shule mpaka ukamaliza. Nilidhani hilo litanitosha. Halikutosha hata mwaka mmoja. Nilipokuona harusini kwako umekataa kushika kisu cha kukatia keki, nilitoka nje nikalia nyuma ya choo.

Siombi msamaha kwa barua.

Mjomba

*

Tarehe 19 Juni

Mjomba,

Leo sina salamu za kuanzia.

Barua yako nilimsomea Mama neno kwa neno, yeye kwenye kiti chake, mimi nimekaa sakafuni mbele yake ili asipate pa kugeuzia uso. Nilipofika pale uliponyamaza, niliiweka karatasi sakafuni. Akatazama magoti yake. Kisha akasema, "Mtoto hafungwi."

Nikamwambia aendelee.

"Baba yako alishakufa. Mjomba wako alinijia kabla polisi hawajamwita, akaniambia habari ya koti; angefungwa. Nani angetulisha? Nilikaa nikafikiri, mtoto hafungwi, na mtoto husahau. Nikamwambia ndugu yangu, mtaje mtoto."

Nikamwambia, "Mama, mimi sikusahau."

"Niliona," akasema. "Kila nilipokunyang'anya zile betri niliona. Nilikuwa nimeshasema, sasa ningesema nini?"

Alilia, Mjomba, na mimi sikumkumbatia. Niliinuka nikaenda kuwapa kuku maji. Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Nyinyi wawili mlikaa mkanichagua kwa sababu nilikuwa mdogo kiasi cha kutoshea.

Jioni Mama aliniita. Alikuwa ameuweka mkanda wa baba juu ya mapaja. Akasema, "Nihesabie." Nikazitoa moja moja, nikahesabu kwa sauti mpaka kumi na moja, nikamwekea mkononi. Akazirudisha mkandani moja moja. Usiku tochi ilipozimika, aliniletea betri mwenyewe na fimbo yake, akanipa, akasimama akingoja nitie.

Fomu nimeijaza. Bunduki mbili. Kwa nguruwe ya komeo, tatu sifuri nane, kama ulivyoshauri, hapo hukunidanganya. Kwa nyumba, ya marisau, namba kumi na mbili. Afisa amegonga muhuri wake. Aliyewaongoza wezi wa kuku tulimpata kabla hata bunduki hazijaja: ni mfanyakazi wangu aliyekuwa akimlisha mbwa. Hapo pia ulisema kweli, na inaniudhi.

Jana nilikwenda na mume wangu kwenye uwanja wa shabaha. Mwalimu wa pale alitaka kunijazia, nikamwambia hapana. Nikapapasa mifuko yote, yangu na ya mume wangu. Nikaifungua bunduki nikachungulia mtutu. Kulikuwa na mwanga upande wa pili. Nikaweka risasi kwa mkono wangu.

Mama anakusalimu.

Mimi bado.

Karani